Kazi ya hali ya hewa inachelewa kila Jumatatu: tununue kompyuta zaidi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa mifumo hapa Nyegezi. Mwaka jana tuliunganisha kompyuta za taasisi tatu kwa HTCondor, programu inayozigawia kazi kompyuta nyingi: 32 za maabara ya chuo, seva 4 za kituo cha utafiti kule mjini zenye viini 16 vya prosesa kila moja, na 20 za ofisi iliyoko Ilemela. Kila siku kuna kazi ya kukokotoa hali ya hewa ya ziwa. Ramani inatakiwa iwe tayari saa 8 mchana, kwa sababu saa 9 mtafiti msaidizi anashuka nayo mwaloni Kirumba kuilinganisha na wanayoyasema wavuvi wa dagaa kabla hawajaingia ziwani. Jumatano mpaka Ijumaa mambo ni shwari. Jumatatu inatoka saa 11 jioni, au haitoki kabisa. Nimeambiwa niandike mpango wa ubora wa huduma, na bosi ameshaomba bei ya kompyuta kumi mpya. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Anza kwa kumwomba bosi asubiri kidogo na hizo kompyuta kumi. Nitazirudia mwishoni.

Umenipa dalili nzuri kuliko unavyodhani: Jumatatu. Kama tatizo lingekuwa uchache wa mashine, lingekuuma hata Alhamisi. Lakini nina hakika Jumamosi na Jumapili wanafunzi wanaandika programu zao za mazoezi, na Jumatatu asubuhi wote wanazitupa kwenye foleni kwa mpigo. Sasa angalia HTCondor inavyowapokea. Yenyewe inampa kila mtumiaji namba ya kipaumbele, na namba ndogo ndiyo bora. Asiyetumia kitu kwa muda hushuka hadi 0.5, na hapo ndipo mwisho. Anayetumia sana namba yake hupanda, kisha hupungua nusu kila baada ya siku moja. Mpangilio huo unaitwa PRIORITY_HALFLIFE, na usipougusa ni sekunde 86,400, yaani saa 24.

Kazi yako ya hali ya hewa, ulivyonieleza kwenye ujumbe wa pili, inakula viini 48 kwa saa mbili na robo kila siku. Nimepiga hesabu ya haraka: kila asubuhi, kabla haijaanza, namba yake inakuwa imetulia kwenye 3 na ushee. Mwanafunzi ambaye hajatuma kitu tangu wiki iliyopita ana 0.5. HTCondor hugawa mashine kinyume na namba hizo, kwa hiyo mwanafunzi mmoja anastahili mara sita ya anachostahili mtafiti wako, na wanafunzi wako darasani si mmoja. Andika amri ya condor_userprio, inayoonyesha namba hizo, Jumatatu saa 2 asubuhi ujionee mwenyewe. Pengine namba zitaonekana zimezidishwa kwa 1,000. Usishtuke, uwiano ni uleule.

Kwa hiyo mfumo wako hauna ugonjwa. Unafanya kile ulichoagizwa: kugawa kwa haki. Mgawo wa haki unamhurumia aliyekosa jana, na wewe unataka ahadi ya saa 8 mchana, ambayo jana haiihusu hata kidogo. Hayo ni mambo mawili tofauti. Karibu kila gridi, yaani muungano wa kompyuta kama huo wenu, ninayoitwa kuiangalia inateseka kwa sababu mtu aliyachanganya.

Neno gridi lenyewe lina kisa chake. Ukilitamka Mwanza, mtu anafikiria gridi ya taifa, na hajakosea: waliobuni jina hili miaka ya 1990 waliuchukua mfano huohuo wa umeme, kwamba uchomeke plagi ukutani upate nguvu ya kukokotoa bila kujali bwawa liko wapi. Mwaka 2002 Ian Foster, mmoja wa hao wabunifu, aliandika vigezo vitatu vya kujua kama kitu ni gridi kweli. Kinaratibu rasilimali ambazo haziko chini ya bwana mmoja. Kinatumia itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, za wazi zilizo za kawaida. Na kinatoa ubora wa huduma wa maana, usio wa kubahatisha. Wengi huishia kwenye hicho cha kwanza. Wanaunganisha, wanapiga picha ya uzinduzi, basi. Hicho cha kwanza ndicho kinachokifanya cha tatu kiwe kigumu, maana utaahidi vipi kwa mashine ambazo si zako?

Hapo ndipo pa kuanzia: tofautisha mashine unazoweza kuziahidi na zile ambazo huwezi. Zile 20 za Ilemela ni za makarani. Tangu HTCondor ianze Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1988, ustaarabu wake umekuwa uleule: mwenye kompyuta akigusa kibodi, mgeni anasimama. Huo ndio uliofanya ofisi zikubali kutoa mashine zao, usiuvunje. Lakini usiweke huko kazi yenye saa. Weka vijikazi vya dakika kumi au ishirini, ambavyo vikifukuzwa vinaanza upya mahali pengine bila mtu kulia. Zile 32 za maabara zinafanana na hizo, isipokuwa zina ratiba ya vipindi, kwa hiyo usiku ni zako. Seva nne za kituo ndizo pekee za kuwekea ahadi. Na kwa bahati nzuri ndipo kazi yako inapotakiwa kukaa hata kwa sababu nyingine: vipande vya modeli ya hali ya hewa vinaongea kila hatua, kila kimoja kinamuuliza jirani upepo wa mpakani ni kiasi gani. Ukivitawanya Nyegezi na Ilemela, vitashinda vinasubiriana kwenye intaneti. Kazi za wanafunzi ni kazi 500 zisizojuana. Hizo zitawanye utakavyo.

Sasa tuikate siku yako vipande. Data za kuanzia unachukua kwenye GFS, modeli ya Marekani ya hali ya hewa ya dunia nzima, ambayo huendeshwa mara nne kwa siku. Ile ya saa sita usiku ya saa za dunia ni saa 9 usiku kwetu, na faili zake huanza kupatikana kama saa tatu na nusu baadaye, hadi kukamilika mnamo saa 2 asubuhi. Umesema unashusha gigabaiti 3 kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde. Hiyo ni dakika 40 kama laini ni yako peke yako, na Jumatatu si yako. Wakiwa wawili mnagawana, ni dakika 80. Wakiwa watano, saa tatu na dakika ishirini. Nakuhakikishia sehemu ya ucheleweshaji wako iko hapa, kabla hata prosesa haijaguswa.

Dawa yake ina pande mbili, na ile rahisi watu huisahau: usishushe dunia nzima. Hao Wamarekani wana huduma ya kukata kisanduku. Unataja latitudo na longitudo za Afrika Mashariki na vipimo unavyovihitaji, faili inapungua mara nyingi sana. Upande wa pili ni ruta. Vyuo vingi hapa vina ruta ya Mikrotik kwenye kabati, na ina foleni ndani yake. Tengeneza daraja moja la trafiki kwa anwani ya seva inayoshusha data, liwe na uhakika wa megabiti 6 kuanzia saa 2 mpaka saa 3, na ruhusa ya kupanda mpaka 10 wengine wakiwa kimya. Kuweka alama za kipaumbele kwenye pakiti zenyewe, yaani vile vipande vya data vinavyosafiri, si vibaya, viwango vyake vipo tangu 1998, lakini alama hizo zinaheshimiwa ndani ya uzio wako tu. Pakiti ikishatoka kwa mtoa huduma, alama ni pambo, isipokuwa kama mmeandikiana.

Tuje kwenye seva. Kuna njia mbili za kuhakikisha viini 48 viko wazi saa 2:40. Ya kwanza ni kunyang'anya: muda ukifika, kazi za wanafunzi zinauawa. Inafanya kazi, na inakufanya uchukiwe, na kila kazi iliyouawa katikati ni umeme uliochomwa bure. Ya pili ni kukausha. Muda wote, seva zinakataa kazi yoyote ambayo kwa muda iliotaja ingevuka saa 2:40. Ikifika saa 12:40 asubuhi, zinakataa inayodai zaidi ya saa mbili. Ikifika saa 1:40, inayozidi saa moja. Saa 2:10, inayozidi nusu saa. Ikifika 2:40 nyumba imejisafisha yenyewe na hakuna aliyefukuzwa. Unaiandika kwenye kanuni ya START ya kila seva, ile inayoamua kazi ipi ianze, mistari minne mitano.

Ujanja huu una sharti moja, kwamba kila kazi itaje itachukua muda gani. Hapo utapambana na watu, si mashine. Mwanafunzi akiulizwa muda, atasema saa 24 ili asisumbuliwe. Mpe sababu ya kusema kweli. Chukua hali hii: kazi kubwa inasubiri seva zote nne, na ya nne itaachiwa saa 5. Zile tatu ziko wazi tangu saa 4. Kazi ndogo iliyotaja dakika 40 inaweza kuchomekwa hapo, ikaisha, na kazi kubwa isicheleweshwe hata dakika. Iliyotaja saa 24 inabaki nje. Mtindo huu wa kujaza mapengo ulianzia maabara ya Argonne, Marekani, katikati ya miaka ya 1990, na Slurm, mpangaji mwingine wa foleni, unao tayari. Kwenye HTCondor utauigiza kwa kanuni zako mwenyewe. Waonyeshe wanafunzi kwa macho, darasani, kwamba aliyesema dakika 40 alipita na aliyesema siku nzima bado amekaa. Na aliyetaja 40 akafika 60, kazi yake ikatwe. Bila hilo watasema 40 wote.

Enzi za kivuko pale Kigongo, kabla ya Daraja la JPM kufunguliwa mwaka 2025, gari la wagonjwa lilipita pembeni ya foleni, na hakuna dereva wa lori aliyenung'unika. Fikiria sasa kwamba mtu yeyote angeruhusiwa kujinunulia king'ora. Ndiyo maana nakusihi: daraja la juu kabisa liwe na kazi moja tu. Wiki ijayo mkuu wa idara atakuja, na yeye ana kazi ya haraka. Mwambie hapana, au mwambie atoe seva yake.

Halafu kuna hili ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji kibali cha mtu. Modeli yako ina vipimo vya kilomita 3. Ukiiendesha kwa kilomita 9, vituo vya hesabu vinapungua mara tatu kwa urefu, mara tatu kwa upana, na hatua ya muda inaweza kuwa ndefu mara tatu. Jumla ni mara 27. Saa mbili na robo ni dakika 135. Gawa kwa 27, unapata dakika 5. Weka 10 kwa ajili ya kusoma na kuandika diski. Basi anza na hiyo, kila siku, kabla ya ile kubwa. Saa 2:50 asubuhi una ramani mkononi. Ni ya macho makengeza, haitaonyesha upepo wa nchi kavu unavyokutana katikati ya ziwa usiku na kuinua mawingu ya radi, jambo ambalo ndilo mnalitafuta. Lakini ni kishika uchumba. Ile ya kilomita 3 ikianza 2:50 inaisha saa 5 na dakika tano, na ikianguka una nafasi ya kuirudia yote na bado ukafika saa 7:20. Saa 8 mchana si tena saa ya kukimbizana nayo.

Umeme ukikatika katikati je? Modeli inaweza kuhifadhi ilipofikia, iendelee baadaye kutoka hapo. Swali ni kila baada ya muda gani. Mwaka 1974 John Young alitoa kanuni ambayo bado tunaitumia: zidisha 2 kwa muda wa kuhifadhi, zidisha kwa wastani wa muda kati ya hitilafu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kama kuhifadhi kunachukua dakika 2 na kwenu hitilafu huja kila baada ya saa 10, yaani dakika 600, unapata kipeuo cha pili cha 2,400. Hizo ni dakika 49. Mara mbili kwa kazi yako. Niliona mahali wanahifadhi kila dakika tano, wakawa wanatumia karibu nusu ya muda kuandika diski.

Nikusimulie na langu, maana nimeshaaibika. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia gridi ya maabara mahali fulani kandokando ya ziwa. Ijumaa jioni nikaacha kazi 1,200 kwenye foleni. Jumamosi asubuhi naangalia: foleni tupu, kazi zote zimekwisha, mashine hazikupumzika usiku kucha. Nikampigia mwenye data kwa furaha. Kumbe kompyuta moja diski yake ilikuwa imejaa. Kila kazi iliyoingia humo ilianguka baada ya sekunde tatu, mashine ikawa wazi tena, mpangaji wa foleni akaona kuna nafasi, akaiongezea nyingine. Mashine nzima 30 zilikuwa zinatafuna taratibu, na hii moja ikameza karibu zote zilizobaki. Tuliibatiza jina la fisi. Vipimo vyangu vilikuwa vya matumizi ya prosesa na urefu wa foleni, na kwa vipimo hivyo usiku ule ulikuwa bora kuliko wowote.

Kwa hiyo pima kilichotoka. Kazi ngapi zimerudi na faili la matokeo lenye ukubwa unaotarajiwa, na saa ngapi. Weka kijiprogramu kinachokagua kila mashine, diski ina nafasi, saa iko sawa, faili la majaribio linaandikika, na mashine iliyofeli isipokee kitu. Gridi ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, yenye vituo kama 170 katika nchi zaidi ya 40, inatuma kazi ndogo za majaribio kwenye vituo vyake mara kwa mara kwa sababu hiyohiyo. Ukihofia kumbukumbu (RAM) mbovu, ambayo haiangushi kazi bali inakupa jibu la uongo, fanya kama walivyofanya SETI@home, mradi wa kutafuta ishara za viumbe wa anga za mbali kwa kompyuta za watu wa kujitolea, walioanza 1999: kipande kilekile kinapelekwa kompyuta mbili, majibu yasipofanana kinapelekwa ya tatu. Kwa vijikazi vya Ilemela ningefanya hivyo kwa sampuli, si kwa vyote.

Sasa andika huo mpango wako, na uwe ukurasa mmoja. Ahadi ni deni, kwa hiyo ahidi kidogo. Kwa hali ya hewa: siku 27 kati ya 30, ramani ya kilomita 3 iko tayari saa 8 mchana, na siku zilizobaki iko ya kilomita 9. Kwa wanafunzi: hakuna ahadi ya saa, ila kazi iliyotaja chini ya saa mbili itaanza ndani ya siku moja, na hakuna itakayopotea. Kwa Ilemela: karani akigusa kibodi, kompyuta ni yake. Halafu mstari wa nani anaambiwa mambo yakiharibika. Mtafiti msaidizi aambiwe saa 5:30 kwamba leo huenda ikawa ramani ya 9, asigundue akiwa tayari amesimama mwaloni. Wasaini wakuu wote watatu. Na kwa kuwa utabiri rasmi ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, andikeni juu ya ramani yenyewe kwamba ni ya utafiti.

Usiingie mtego wa kuahidi asilimia 99 kwa sababu inapendeza. Katika mwezi wa siku 30 hiyo inakuachia saa 7 na dakika 12 tu za kuwa chini, na kazi yako inapita kwenye laini, ruta na seva. Kila kimoja kikiwa na asilimia 95, vyote vitatu kwa pamoja vinakupa chini ya 86. Laini mbili za 95 zinakupa 99.75, alimradi haziangukii pamoja. Mbili zinazopita nguzo moja ni laini moja yenye bili mbili.

Na hizo kompyuta kumi. Daraja liliondoa foleni ya Kigongo kwa sababu magari ya Sengerema na Geita hayakuzaliana mara kumi wiki ileile. Kazi za wanafunzi huzaliana usiku huohuo: aliyekuwa anarudia jaribio mara 100 ataandika 1,000, ni kuongeza sifuri moja tu, na Jumatatu utanirudia na swali hilihili. Mwombe bosi fedha hiyo inunue kwanza laini ya pili inayopita njia nyingine, betri za seva nne pamoja na ruta na swichi (swichi husahaulika, kisha seva zinabaki zinawaka bila pa kuongelea), na diski ya tano ya akiba. Ikibaki kitu, seva moja ya viini vingi iwekwe pale kituoni, si mashine kumi za mezani. Kabla ya hapo nitumie condor_history, yaani rekodi ya kazi zilizokwisha, ya Jumatatu mbili zilizopita, yote, usinichagulie.